Jino la pembe si dawa ya pengo: mezali hii ingali kweli?

Katika vijitabu vya chama chetu tumezoea kusoma juu ya mahari, matanga, majina ya watoto na heshima ya wakwe. Leo tunaleta jambo ambalo labda utaliona kuwa dogo: jino lililotoka, na kile kinachowekwa pahali pake. Siku hizi wanganga wa meno wanajua kupanda jino ndani ya mufupa wa taya, likashika sawa muti unavyoshika udongo. Lakini waliotuachia Kiswahili walisema zamani: jino la pembe si dawa ya pengo. Tunauliza basi: je, ni haki mutu kutumia feza nyingi ili kuziba pengo? Na pengo likizibwa, nani analipa, na analipa nini?

Hatuulizi kwa kupenda maneno tu. Jambo hili liliingia ndani ya jamaa yetu, na sisi wenyewe ndisi tuliosema vibaya.

1. Shauri la mujomba

Mujomba wetu, kaka wa mama, amepita miaka 70. Anaishi kijijini, na kule ni yeye anayekata maneno: mipaka ya mashamba, mahari isiyomalizika, ugomvi wa ndugu na ndugu. Hakusoma sana, lakini akisema, watu wanaona wapi pa kwenda.

Ilitokea kwamba meno yake ya mbele, ya juu, yalianza kutoka. Mawili yalioza, mengine mawili yalilegea mpaka yakaanguka yenyewe. Kila mwalimu wa luga anajua matokeo yake: ulimi na mudomo wa chini vinakosa pa kuegemea, na herufi sawa f, v, s na z zinatoka na upepo. Siku moja, katikati ya shauri la shamba, mujomba alipotamka neno “ushahidi”, lilitoka sawa filimbi, na kijana mumoja aliyekaa nyuma akacheka kwa sauti. Wengine wakacheka juu ya kicheko chake.

Kuanzia siku ile mujomba hakusema tena mukutanoni. Alikuwa anamunongonezea mudogo wake, na mudogo wake ndiye alisema. Alianza pia kula peke yake ndani ya nyumba, yeye ambaye sahani yake haikuwahi kukosa mugeni. Kwetu, muzee akila kwa kujificha, watu wanajiuliza kama kuna ugonjwa ao kuna uchawi. Kumbe ilikuwa haya tu.

Mutoto wake anayeishi Ubelgiji alisikia habari, akapiga simu. Alisema kule kuna dawa ya kweli: meno ya kupandwa. Lakini jino moja tu la namna ile linapita kwa kawaida euro elfu moja, na kuna safari na vikaratasi vyake. Yeye angetoa nusu, jamaa ingetoa nusu. Basi jamaa ikakutana nyumbani kwetu, na kwa sababu tuko walimu, tulipewa neno la kwanza.

Tulisimama na kusema vizuri sana. Tulisema pengo ni alama ya miaka, na miaka ni zawadi ya Mungu. Tulisema babu yetu alikufa kibogoyo na hakuna aliyemuzarau. Tulihesabu watoto saba wa jamaa wanaofukuzwa shule kila mwisho wa mwezi kwa kukosa minervali. Tukamaliza na mezali: jino la pembe si dawa ya pengo. Watu wakapiga makofi.

Mujomba alikuwepo, mukono juu ya mudomo. Aliposikia makofi yameisha, alisema: “Mwipwa, umesema muzuri. Lakini weye unasema na meno yote.” Akasimama, akaenda kulala.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulijua kwamba tulishinda mabishano, na kwamba hatukujibu swali.

2. Jino ni la nani?

Tuanze na mila, kwa sababu ni kwa jina la mila tulisema. Je, ni kweli wazee wetu waliacha kinywa vile Mungu alivyokitoa?

Hapana. Mataifa mengi ya Kongo yalichonga meno ya mbele mpaka yakawa na ncha. Kati ya Wambuti wa msitu wa Ituri desturi hiyo inajulikana sana. Kwa jirani zetu Watonga wa Zambia, vijana waliong’olewa meno ya juu ya mbele walipofika umri wa utu uzima, na aliyebaki na meno yake yote ndiye aliyechekwa. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kugusa meno ni mambo ya Wazungu, hajui alipotoka.

Tunaona hapa jambo la kufikiria. Shimo ndani ya kinywa linaweza kuwa lile lile, lakini maana yake si moja. Pengo lililofanywa na watu wako lilikuwa uzuri na ushuhuda: huyu ni wetu, amekomaa. Pengo lililoletwa na kuoza ni upungufu tu. Kumbuka pia utoto wetu. Jino la kwanza lilipotoka tulilitupa juu ya paa la nyumba na kuomba jipya, na wenzetu walituchokoza kwa nyimbo. Hatukulia, kwa sababu kila mutu alijua lingine linakuja. Mutoto ana meno 20, na mukubwa ana 32 yakikamilika. Lakini kisha hapo hakuna mara ya tatu. Muzee hana paa la kutupia jino lake.

Basi jino liko na wenyewe wawili. Mumoja ni yule anayelitafunia. Mwengine ni watu wanaomutazama akisema na akicheka. Ndiyo maana haya ya pengo si ujinga wala kiburi. Mutu aliyepoteza jino la mbele amepoteza kitu ambacho kilikuwa pia cha wengine, na wengine ndio wanaomukumbusha.

Lakini hapo kuna hatari, na historia ya inchi yetu inaionyesha. Mwaka 1904 kijana wa misitu ya Kongo, Ota Benga, alipelekwa Marekani na mutu aliyeitwa Samuel Verner, aliyemupata kwa kutoa chumvi na kitambaa, ili aonyeshwe katika maonyesho makubwa ya St. Louis. Mwaka 1906 alionyeshwa tena huko New York, katika bustani ya wanyama ya Bronx, kwenye nyumba ya nyani. Meno yake yalikuwa yamechongwa, na watu waliyatazama wakisema ni meno ya mla watu. Wachungaji weusi walipinga zambi ile, akatolewa. Baadaye, katika muji wa Lynchburg, meno yake yalifunikwa ili yafanane na ya wengine. Alisoma, akafanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku. Lakini hakuweza kurudi kwao. Mwezi wa tatu mwaka 1916 aliwasha moto, akavunja vile vifuniko vya meno yake, kisha akajiua.

Hatusemi kwamba waliomufunika meno walikuwa wabaya. Labda walitaka kumupunguzia zarau. Tunasema tu kwamba meno ya Ota Benga hayakukosa kitu. Kilichokosekana kilikuwa ndani ya macho ya waliomutazama, na dawa ya macho haiwekwi ndani ya kinywa cha mutu mwengine. Kwa hiyo swali la kwanza kuliko bei ni hili: nani anataka jino? Ni mwenye kinywa, ao ni sisi tunaochoka kumutazama?

3. Jino la kupandwa ni nini?

Ili tusihukumu bila kujua, tulijifunza kidogo. Jino la kupandwa, wanganga wanaliita implanti, ni kwanza kiparafujo cha chuma kiitwacho titani. Munganga anapasua ufizi, anatoboa mufupa wa taya kwa uangalifu na kukiingiza humo. Kisha wanangoja, mara nyingi miezi mitatu mpaka sita, ili mufupa ukumbatie chuma kile. Ukishakishika, wanafunga juu yake jino lenyewe, lenye rangi ya meno mengine.

Aliyefungua njia hii ni Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi. Mwaka 1952, katika muji wa Lund, hakuwa anatafuta meno. Alitia kifaa cha titani ndani ya mufupa wa sungura ili aone ginsi mufupa unavyopona. Alipotaka kukitoa, kilikataa: mufupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965, huko Göteborg, mutu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na ubaya wa taya, alipandiwa meno ya namna hii. Alikula na kusema nayo mpaka kufa kwake mwaka 2006, miaka zaidi ya 40.

Tusidanganyane hata hivyo. Jino hili haliozi, lakini ufizi na mufupa unaolizunguka vinaweza kuugua na kuliachilia. Linadai kinywa safi kila siku na munganga wa kulichungulia kila mara. Tumbaku inaliharibu. Na kama mutu alikaa miaka mingi bila jino, mufupa wa pale unapungua wenyewe, na unaweza kukosa pa kushikia. Lakini likitunzwa, kisha miaka 10 zaidi ya 90 kwa 100 yanakuwa yangali imara.

Sasa turudi kwenye mezali. Pembe ilikuwa kitu kilichokufa. Katika Ulaya ya zamani watu wenye mali walivaa meno yaliyochongwa kwa pembe, hasa ya kiboko. Yalicheza ndani ya kinywa, yaligeuka rangi, yalioza na kunuka. Mezali ilisema kweli kwa maneno yake yenyewe. Titani nayo imepokelewa na mwili. Je, mezali imekufa? Tungesema ndiyo, kama mezali ingekuwa inasema juu ya meno tu.

4. Nani alibeba muzigo?

Neno “pembe” sisi watu wa Kongo hatuwezi kulipita haraka. Kiswahili kilitufikia katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani iliyokuja kutafuta pembe za tembo na watumwa mpaka Kasongo na Nyangwe, katika Maniema. Waliobeba pembe hawakuona piano wala mipira ya biliadi iliyotengenezwa nazo. Walibaki na kovu la kamba tu.

Na meno yenyewe yalinunuliwa. George Washington, raisi wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alibakia na jino moja tu lake. Meno yake ya bandia yalikuwa na pembe ya kiboko na pia meno ya watu. Kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1784 kinaonyesha malipo kwa watumwa kwa ajili ya meno 9. Walilipwa, ndiyo. Lakini mutumwa anaulizwa kuuza jino lake na bwana wake: atajibu hapana kwa kinywa gani? Na kisha vita ya Waterloo, mwaka 1815, vijana waliokufa uwanjani waling’olewa meno, yakauzwa kwa wazima.

Utasema hayo yalipita. Tuangalie basi karibu zaidi. Tangu miaka ya 1930 wanganga wanatumia chuma cha kobalti na kromu kutengeneza kiunzi cha meno ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua. Na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu yake inatoka wapi? Inatoka chini ya miguu yetu, Kolwezi na Likasi. Inawezekana basi kwamba bibi muzee wa inchi ya mbali anacheka leo na udongo wetu ndani ya kinywa chake, na kijana aliyeuchimba kwa mukono ameng’oa jino lake mwenyewe na koleo kwa sababu hakuwa na franka za munganga.

Hatumulaumu bibi yule. Anahitaji kula. Tunataka tu tukubali kwamba hakuna pengo linalozibwa bure. Kuna mutu anayebeba muzigo, na haki ni kumuona.

Hapo ndipo sehemu ya kweli ya hotuba yetu ilikuwa. Kama meno ya mujomba yangelipwa na minervali ya watoto saba, tungeziba pengo moja na kufungua saba, na tunajua wasichana ndio wangetolewa shule wa kwanza. Ubaya wetu haukuwa kuhesabu. Ubaya wetu ulikuwa kujificha nyuma ya watoto ili tusione haya ya muzee, na kuita haya yake “zawadi ya Mungu”. Mezali tuliitumia sawa mulango wa kumufungia mutu inje.

5. Mwisho wa shauri

Kisha majuma mawili tulikwenda kijijini na kuku mukononi, tukaomba masamaha. Halafu tukauliza swali ambalo hatukuuliza siku ya mukutano: “Mujomba, weye mwenyewe unataka nini?”

Alijibu: “Miye sitafute uzuri. Miye nataka neno yangu itoke muzima.”

Tulimueleza yote tuliyojifunza. Aliposikia kungoja miezi, kupasuliwa, safari ya ndege, alitikisa kichwa. Alichagua meno ya kuvaa, ya plastiki ngumu yenye rangi ya ufizi, yanayotengenezwa mujini. Mutoto wake wa Ubelgiji alilipa yote, na minervali haikuguswa. Si kila mutu alifurahi. Kuna wanaosema mpaka leo kwamba feza zile zingenunua mabati. Na tukubali wazi: kama mujomba angetaka yale ya kupandwa, hatujui tungeamua namna gani. Lakini tungeamua naye, si juu yake.

Leo mujomba anavaa meno yake siku ya mashauri. Akikaa kula bukari na sombe, anayavua mbele ya watu wote, anayaweka ndani ya kikombe na kutafuna na fizi zake, bila haya. Anasema: “Hii meno ni ya watu. Yangu ilishakwenda.”

Ni nini kilichomurudisha kati ya watu? Meno yalimurudishia f na s. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Wazee walimuita yule kijana aliyecheka, na yeye alikuja na baba yake, akapiga magoti mbele ya mujomba kabla hata meno mapya hayajafika. Mujomba alianza kula inje tena siku ile, na si siku meno yalipoletwa. Tuliona kwa macho yetu. Ndipo tulielewa mezali: pengo la kinywa linaweza kupata dawa, ya plastiki ao ya titani, na ni haki kuitafuta. Lakini pengo ambalo zarau inatoboa kati ya mutu na watu wake, hakuna pembe inayoliziba. Linazibwa na yule aliyelitoboa.

Tulitaka kumaliza hapa. Lakini tulipokuwa tukiandika kurasa hizi, mama yetu, dada wa yule mujomba, alituletea chai. Mama amepoteza meno mengi kuliko kaka yake. Miaka yote hii anakula bukari laini na mchuzi, nyama anawaachia wajukuu, na sisi tulidhani ni upendo tu. Kwa ajili ya mujomba jamaa iliitana kutoka miji mitatu. Kwa ajili ya mama hakuna aliyeita mutu, kwa sababu mama hakati maneno mukutanoni. Tulimuuliza: “Mama, na weye je?” Akacheka, akifunika kinywa na kitambaa chake, akasema: “Aah, miye ni mwanamuke muzee, nitamusemesha nani?”

Ndugu musomaji, jibu lile lilituumiza kuliko neno la mujomba. Tunakuomba basi, kabla ya kusema mezali yoyote juu ya pengo la mutu, tazama kwanza ndani ya nyumba yako ni nani anayecheka akifunika kinywa, na umuulize anataka nini. Sisi tumeanza kuweka makuta pembeni kwa ajili ya mama. Bado hayatoshi, lakini munganga wa meno ameshamuona mara moja, na mama ameanza kuuliza ni lini tutarudi.